Nakasiru Hakulia Hata Siku Moja

Hugues, mujukuu yetu, ananisumbua tangu Pasaka. "Koko, andika. Koko, andika kidogo tu, maisha ya Koko Consolate, tutaisoma siku ya kufungua ukuta ya picha ku masomo." Kufungua ukuta! Ukuta inafunguliwa na nini, na ufunguo? Mimi niliachia masomo ku mwaka wa tatu. Masista walinifundisha kusoma katekisimu na kuandika jina yangu, na tangu pale mikono yangu inajua sambaza, samaki ndogo za ziwa, haijui kalamu. Na wakati Consolate alikuwa muzima hakuna mutu alinituma kuandika kitu juu yake. Walipita mbele yake kama wanapita mbele ya jiko. Sasa amekufa, kila mutu anataka maisha yake.

Nitaandika. Nikiacha, Hugues ataandika yeye mwenyewe, na nilisha kuona vile anaandika.

Consolate alikuwa muramu wangu, muke wa kaka yangu Xavier. Walimutoa Nyangezi. Siku walimuleta kwetu Cimpunda nilimuangalia nikasema mu roho: huyu tu? Alikuwa mufupi, shingo ngumu kama ya mwanaume, na kitambaa amekifunga chini sana, karibu kufunika nyushi. Nilizani ni kiburi. Kumbe chini ya kitambaa kulikuwa alama. Kutoka sikio mpaka sikio, nyama ya paji la uso ilikuwa imeingia ndani kama njia ya maji. Ile ni kazi ya mugozi, kamba ambayo wanawake wetu wanapitisha ku uso wakibeba muzigo mu mugongo. Tangu akiwa binti alibeba mihogo, akabeba makala ya jiko, akabeba mchanga ya kujengea manyumba ya watu wengine, kupanda na kushuka, mpaka mugongo ikasema hapana.

Mugongo iliposema hapana, akaanza kusuka nywele. Tulikuwa na kibanda kimoja karibu na soko ya Kadutu, mimi upande huu na beseni yangu ya sambaza, yeye upande ule na benchi. Na pale ku benchi njo alikuwa anatoa hadisi yake.

Sikiliza vizuri vile ilikuwa, maana hapa njo kila kitu iliharibikia. Consolate hakuweza kusema hadisi kama hana nywele mu mikono. Ungemupa soda, ungemubembeleza, angekuangalia tu. Kichwa ya mutu ikikaa kati ya magoti yake, ile mara mudomo inafunguka. Na suko ya mwisho ikiisha, hadisi inaisha, hata kama mutu ya ndani ya hadisi iko na muguu moja mu hewa. "Imeisha. Simama." Mutu anaamuka na hasira. "Maman Consolate, na yule je, alianguka?" "Nywele zako zikiota, rudi."

Hadisi ilikuwa moja tu, lakini ndefu kama barabara ya Shabunda. Kulikuwa mulima, na watu waliishi juu yake, na chini kulikuwa ziwa yenye njaa. Kila mwaka mulima iliteleza kidogo kuelekea mudomo ya ziwa. Ndani ya mulima kulikuwa jiwe moja, na ile jiwe ilikuwa roho ya mulima. Mutu mumoja akiibeba mu mugongo, mulima inatulia. Akiitua chini, mulima inaenda, na watu, na mbuzi, na makaburi. Mwanamuke mumoja, Nakasiru, njo aliibeba. Alipitisha mugozi ku uso, akaanza kutembea kutafuta inchi ambayo itakubali ile jiwe ikae. Alipita kwa watu wasiokuwa na kivuli. Alipita mu kijiji ambako vyura wanakata kesi. Alipita ku soko moja wanauza usingizi mu vikapo, na yeye alikuwa na usingizi kuliko wote, lakini hakununua, maana mutu akilala anatua muzigo.

Mbele yake alitembea Lushombo. Lushombo hakubeba kitu, hata kikapo. Kazi yake ilikuwa mudomo. Wakifika mu kijiji anapiga kelele: "Tumefika! Ni sisi tunabeba mulima!" Wanamuletea kiti, wanamuletea kasikisi, pombe ya ndizi, anakunywa, anacheza, na Nakasiru anasimama mu jua na jiwe yake. Lushombo alituchekesha sana, siwezi kukatala. Nilimwaga sambaza mara moja juu ya kumucheka.

Consolate alikufa na malaria na uzee, mu kitanda yake. Xavier alikuwa amemutangulia. Tulimuzika, tukakula, watu wakarudi ku kazi zao. Nikazani hadisi tumeizika naye.

Mwaka jana Hugues, mujukuu yake, akatoka ku iniverisite na telefone ya kushika sauti. Akazunguka Kadutu yote akiuliza wanawake: ulisikia nini ku benchi ya Koko Consolate? Mimi hakuniuliza. Alisema mimi niko mutu wa nyumbani, nitaulizwa nyuma ya wote. Haya. Alafu akatunga teatre, akatuita wote mu sale, ile ukumbi ya masomo, shule ya paroisi. Nilivaa kikwembe ya ndoa. Nilikaa mbele kabisa.

Rido, pazia ya mbele, ikafunguka. Lushombo akaingia, ni Guylain, yule kijana murefu wa kwaya, na jiwe ya karito, karatasi ngumu ya maboksi, waliyopaka rangi nyeusi. Aliibeba na mukono moja! Na mukono ingine anapungia watu! Na Nakasiru? Nakasiru ni binti Fabiola, amevaa nguo nyeupe ya dantela, ya lesi, amepiga magoti pembeni ya ziwa ya nailon, analia mu mushwara, leso ya mukono. "Lushombo, mupenzi wangu, rudi! Nitakungojea!"

Sale yote ikapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Huyu analia nini?" Sauti yangu ni ya mutu wa soko, haiitaji mikro. "Nani amekufa hapa?"

Fabiola akabaki na mushwara ku pua.

Hugues akatoka nyuma ya rido akikimbia. "Koko, kaa, tafazali, watu wanatuangalia."

"Watuangalie! Si walikuja kuangalia? Wewe, Guylain, tua ile karito. Ni nani alikupa jiwe ya muramu wangu?"

"Koko, ni rôle walinipa," Guylain akasema.

"Rudisha."

Wakanitosha inje, mumoja huku, mumoja kule, kama mulevi. Mimi, mukristu niliyebatizwa mbele ya ile sale kujengwa. Ku mulango Hugues akafuta jasho.

"Koko, mimi sikubuni. Naapa. Karibu watu wote waliniambia Lushombo, Lushombo. Nakasiru, wengine hawajui hata jina. Mumoja aliniambia alikuwa fiyanse yake, muchumba wa Lushombo."

"Nani huyo?"

"Maman Clémence."

"Clémence!" Nilikuwa karibu kutema mate. "Clémence alikuwa anasukisha mistari mikubwa-mikubwa ya haraka, kichwa haijapata moto amesha simama anakimbilia mafuta yake ya kuuza. Atajua nini?"

Na nikisema vile, nikaelewa. Nilikaa chini ku ngazi.

Mwenye mistari ya haraka, Consolate alimupa Lushombo. Ilikuwa kipande fupi ya kuchekesha, inaisha pamoja na nywele. Watoto ya masomo, wauza mafuta, wanawake wenye muume anangojea chakula, wote walipata Lushombo, na walikuwa wengi. Lakini Nakasiru alikuwa wa rasta ndogo-ndogo, zile zinakula siku nzima. Ni nani alisukisha zile? Mabibi-arusi, na wajane waliotoka mu matanga na nywele ikaota tena. Watu wachache. Wengine walikufa, wengine waliolewa mbali, Luvungi, Mwenga. Hugues alihesabu midomo, na midomo ya haraka ikashinda.

"Basi utatengeneza," nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. "Koko, direktere wa masomo alisha kutoa ukuta ya barabarani. Siku ya kwanza ya juma Chrispin, fundi wa rangi, anaanza kupaka picha. Lushombo na jiwe katikati. Nakasiru pembeni."

"Amesimama?"

Akafuta jasho tena.

"Amepiga magoti?"

"Ni vizuri kwa kuangalia, koko."

Teatre inapita, watu wanakula maandazi wanasahau. Ukuta haipiti. Mutoto ambaye bado iko mu tumbo leo, atapita pale kila asubui na sanduku yake ya masomo, na hatakuwa na mutu wa kumwambia kitu ingine. Atakuwa muzee, ataambia wajukuu: Nakasiru? Ah, ni yule wa kulia. Niliona ile kitu wazi kama naona mukono yangu, na damu ilinipanda.

"Kesho tunaenda Nyangezi," nikasema. "Na Fabiola anakuja, na nguo yake ya dantela ibaki nyumbani."

Kule Nyangezi anaishi Eulalie. Alikuwa mujane kijana wakati alikuja ku benchi yetu kusukisha rasta ndogo-ndogo ya kutoka mu matanga, na siku ile mimi sikuwa pale, nilikuwa Sange kuzika mujomba. Consolate aliniambia niliporudi tu: "Nilimupa Eulalie mwisho." Mwisho gani, hakusema. Nilichukia Eulalie tangu siku ile, na sina haya ya kuiandika. Mimi nilikaa kando ya ile benchi maisha yangu, na mwisho ikaenda kwa mwingine!

Tulimukuta inje anachagua maharagi. Amekuwa mudogo, meno imebaki upande moja, lakini mudomo haikuzeeka.

"Adolphine! Nilikusikia mbele ya kukuona. Bado unanuka sambaza."

"Na wewe bado unachagua maharagi, na vijiwe viko mu meno ya watu wote wa nyumba yako."

Akacheka, akatupa viti. Hugues akatoa telefone yake, akaiweka juu ya kitunga, akasema na sauti ya kanisani: "Maman Eulalie, tunaomba utuelezee mwisho ya hadisi ya Nakasiru."

Eulalie akamuonyesha viganja. "Unaona nini hapa?"

"Mikono, maman."

"Mikono mitupu. Hadisi ya Consolate haitoki ku mikono mitupu. Wewe ni mujukuu yake kweli?"

Tukaangalia Fabiola. Fabiola akashika kichwa yake na mikono yote mbili. "Hapana! Hii nilisukisha juzi! Koko, naomba, hii ni ya fête, ya sikukuu!"

"Kaa," nikamwambia.

"Koko!"

"Ulilia bure mbele ya watu wote. Leo utalia na sababu. Kaa."

Akakaa kati ya magoti ya Eulalie. Mimi nikafungua zile rasta zake moja-moja, vidole vyangu vinanuka vile vinanuka, na binti anakunja pua, na Eulalie anasuka upya kutoka nyuma, ndogo-ndogo, kama Consolate. Ile mara mudomo yake ikafunguka, na mimi nikasikia sauti ya muramu wangu inatoka mu meno ya upande moja.

Alisema hivi. Nakasiru alizunguka inchi zote na hakuna inchi ilikubali jiwe. Basi akarudi kwao, akakaa chini ya mulima, kando ya njia, na jiwe mu mugongo. Akazeeka pale. Mulima ikatulia, watu wakajenga mpaka juu. Wale walimuona akianza kubeba wakakufa. Wajukuu wao wakapita na kumuona bibi muzee amekaa na jiwe, wakamucheka. Wengine wakamwambia: "We maman, tua basi, unajitesa bure." Wengine: "Ni wazimu." Na wajukuu wa Lushombo walikalia kiti ya babu yao, wanakunywa kasikisi. Mutu akiuliza kwa nini mulima haitelezi tena, walijibu: mulima inakaa yenyewe.

Hugues akasogea karibu. "Na pale akalia?"

Eulalie akasimamisha mikono. "Alie juu ya nini? Wewe, wakikutukana na uko umebeba nyumba yao, unalia? Alikasirika! Akashika mugozi ku paji la uso, akaiachilia kidogo tu, kama unene wa kidole. Sufuria zikaanguka. Kuta zikapasuka. Watu wakatoka mbio na usingizi mu macho, wakaita: Nakasiru! Nakasiru! Kumbe jina walikuwa wanaijua." Akaendelea kusuka. "Waliposha kuita, akakaza tena. Na iko pale mpaka leo. Wakisahau, anaachilia. Wakiita, anakaza. Imeisha. Simama."

Fabiola hakusimama. Alikuwa amepitisha kidole ku paji lake la uso, toka huku mpaka kule. "Ilikuwa inamuuma hapa?"

"Muulize Adolphine," Eulalie akasema. "Yeye aliishi naye."

Nilikuwa nawaza vile Consolate alifunga kitambaa chini hata siku ya kufa, na vile mimi nilisema ni kiburi. Na kila mwaka wa mvua kubwa ukuta yangu ya Cimpunda inapata ufa mupya. Sasa ninajua nitasema nini nikiiona.

Tukarudi. Hugues, nitasema ukweli, alisimama imara. Alienda kwa direktere, akaenda kwa Chrispin, akasema kinywa kwa kinywa. Chrispin akafuta magoti, akafuta mushwara. Akamusimamisha Nakasiru, akamupa jiwe mu mugongo, na mugozi. Waliniita nije nione.

Nikaenda. Lushombo alikuwa bado katikati, mukubwa kama mulango wa kanisa, kwa sababu direktere alisema watoto wanamupenda. Nikamuacha, Lushombo anapenda kukaa mbele, hata mu hadisi ilikuwa vile. Nikaangalia Nakasiru. Jiwe, sawa. Mugozi, sawa, lakini imepita juu ya nywele kama taji. Na uso! Paji la uso laini kama yai.

"Alama iko wapi?" nikamuuliza Chrispin.

"Maman, alama itaharibu sura. Watu wanataka mwanamuke muzuri."

"Sura gani unajua wewe? Ulimuona?"

Akacheka kidogo, na burashi mu mukono. "Hata wewe hukumuona, maman. Ni mutu wa hadisi."

"Nilimuona. Alikuwa muramu wangu."

Hakushika rangi. Alianza kukusanya madumu yake, kazi imeisha kwake. Basi nikaokota musumari chini, mukubwa, ile ya mabao, nikapanda juu ya dumu moja na uzee wangu huu, na nikachora. Kutoka sikio mpaka sikio. Niliingiza ile musumari mu simenti na nguvu yote, vumbi ikaniingia mu macho, na Chrispin nyuma anapiga kelele: "Maman, unafanya nini! Maman, shuka, utaanguka!" Sikuanguka. Wapita njia wakasimama. Mwanamuke mumoja alikuwa amebeba ngunia ya makala, mugozi ku uso. Aliangalia ukuta, akaangalia mimi, akakaza ngunia yake, akaendelea.

Direktere alikuja na tai yake. "Maman Adolphine, umeharibu mali ya masomo."

"Nimeimaliza. Ilikuwa haijaisha."

"Tutaziba na kupaka tena mbele ya siku ya kufungua."

"Zibeni. Musumari niko nayo mu mufuko."

Sasa Hugues anasema: koko, andika maisha ya Koko Consolate, ya kupendeza, watu wasome. Njo hii. Alibeba, akasuka, akasema, akakufa, na hakulia. Haikuwa ya kupendeza. Kama direktere hataki kuisoma mbele ya wazazi, aiweke pale anaweka taka.

Na wewe unayesoma, usizani umemaliza. Teremuka ku ukuta ya masomo, upande wa barabara. Weka kidole ku paji la uso la Nakasiru. Ukisikia kidole inaingia mu njia, sema jina yake na sauti, hata kama watu watakuona mwenda wazimu. Ukikuta wameisha kuziba, kuko laini, chukua kaa la makala, chukua musumari, chukua ufunguo ya nyumba yako, na uchore tena, kutoka sikio mpaka sikio. Na usinijibu ati uko na haraka. Watu wa haraka njo walitufikisha hapa.